Sayansi ya mlaji, lishe, sayansi ya chakula au masoko: uchague ipi, na chuo utaingiaje

Kila msimu wa maombi ya chuo ukifika napata swali lile lile kutoka kwa wadogo zangu wanaomaliza sekondari. Wameona kwenye orodha ya chuo kuna kozi inaitwa sayansi ya mlaji (mlaji hapa ni yeyote anayenunua na kutumia bidhaa au huduma, siyo anayekula tu), hawaielewi, jirani yake kuna lishe, kuna sayansi ya chakula, chini kidogo kuna masoko, wakiuliza nyumbani wanajibiwa "si ndo ile sayansi kimu, ya kupika na kushona". Mi nimeisoma hiyo fani na ndo kazi yangu mpaka saivi, kwa hiyo naandika kirefu, nazipanga hizi kozi moja pembeni ya nyingine ili ukifungua fomu ujue unabonyeza nini na kwa nini.

Nianze na jambo moja ambalo ukilishika mengine yanakaa sawa. Usichague kwa jina la kozi, angalia kwanza iko chini ya kitivo gani. Jina hili hili la sayansi ya mlaji linabeba vitu tofauti kabisa kutegemea chuo kimeiweka wapi. Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, digrii zake za sayansi ya mlaji ziko ndani ya kitivo cha sayansi asilia na kilimo, na ndani yake kuna njia ya biashara ya nguo, njia ya biashara ya chakula na njia ya ukarimu. Chuo Kikuu cha Eswatini wao wana kitivo kizima kinaitwa sayansi ya mlaji. Wisconsin–Madison kule Marekani wameiweka kwenye shule ya ikolojia ya binadamu na mwanafunzi anakaa zaidi na tabia za mnunuzi na namna soko linavyokwenda. Munich, kwenye chuo kikuu chao cha ufundi, wameifundisha ngazi ya masters ndani ya shule ya menejimenti. Hapo jina ni moja ila mwanafunzi wa Munich na wa Pretoria wakikutana wanaweza kuongea saa nzima kila mmoja anashangaa mwenzake amesoma nini. Na kitivo ndo kinaamua masomo gani ya sekondari yanakubalika, mwaka wa kwanza utakaa na kemia au na uhasibu, na ukimaliza ni mwajiri gani atakuelewa bila kuelezwa mara mbili.

Imekuwaje ikatawanyika hivyo? Fani ina mizizi miwili. Mzizi wa kwanza ni wa nyumbani. Ellen Swallow Richards, mkemia wa Marekani, mwanamke wa kwanza kupokelewa chuo cha teknolojia cha MIT na akamaliza pale 1873, alikuwa anapima maji na vyakula kujua nini kimechanganywa ndani, alafu akasema hii sayansi ya maabara iingie majumbani mwa watu. Kuanzia 1899 yeye na wenzake wakawa wanakutana Lake Placid, kijiji cha jimbo la New York, na mwisho wa 1908 wakaunda chama chao cha kitaifa cha sayansi kimu, yeye akawa rais wa kwanza. Chama hicho kilibadilisha jina mwaka 1994 kikawa cha sayansi za familia na mlaji, na vyuo vingi vikabadilisha pia, wengine walishatangulia, Cornell kwa mfano waliita chuo chao ikolojia ya binadamu tangu 1969. Mzizi wa pili ni wa sokoni. Tarehe 15 Machi 1962 Rais Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe kwa Bunge la nchi yake akitaja haki nne za mlaji, usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa, na mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukatoa miongozo ya kumlinda mlaji. Kila chuo kikachukua kutoka mizizi yote miwili kwa kipimo chake, wengine nyumbani zaidi, wengine sokoni zaidi. Kwa hiyo anayekwambia ni kupika na kushona anaongelea kipande kimoja cha zamani, na hicho kipande chenyewe kilianzishwa na mkemia.

Sasa ndani ya darasa kuna nini. Mara nyingi utakuta usimamizi wa kipato na rasilimali za familia, tabia ya mlaji, nguo na vitambaa, chakula, makazi, sheria za kumlinda mlaji, takwimu, na mbinu za utafiti. Takwimu nairudia kwa makusudi, manake wengi wanaingia wakidhani wamekimbia hesabu wanakutana nayo mwaka wa kwanza.

Nikupe mfano mmoja wa kitu tunachofanya. Mtu anakopa milioni 1 kwa miezi 12, anaambiwa riba ni asilimia 10 tu. Anapiga hesabu, riba laki 1, jumla milioni 1 na laki 1, gawanya kwa 12, kila mwezi anarudisha kama 91,667. Inaonekana asilimia 10 kweli. Ila angalia vizuri, kila mwezi anarudisha sehemu ya mkopo, kufikia mwezi wa sita karibu nusu ya ile milioni hayuko nayo tena mkononi, lakini riba bado anatozwa kana kwamba anaishika yote mpaka siku ya mwisho. Ukiipiga kwa salio linalobaki kila mwezi, riba halisi ya mwaka inafika karibu asilimia 18. Mwanafunzi wa sayansi ya mlaji anajifunza kuipata hiyo 18, alafu anajifunza kumweleza mtu ambaye hajasoma hesabu akaelewa, alafu anauliza sheria inamlazimisha mkopeshaji aiandike namba ipi kwenye tangazo. Hizo hatua tatu, kupima, kueleza, kudai, ndo fani yenyewe, na ukiona zinakugusa basi endelea kusoma, ukiona zinakuchosha kuna kozi nyingine hapo chini zinaweza kukufaa zaidi.

Sayansi ya mlaji na lishe

Hizi ndo zinachanganywa kuliko zote. Lishe inashughulika na mwili, chakula kikishaingia kinafanya nini, kwa hiyo utasoma baiolojia ya binadamu, baiokemia, fiziolojia, na ukienda njia ya tiba lishe utapelekwa wodini kufanya mazoezi kwa wagonjwa. Sayansi ya mlaji inashughulika na uamuzi, kwa nini mtu amenunua hiki akaacha kile, kipato chake kinamruhusu nini, lebo imemdanganya au imemsaidia. Kuna kanuni moja ya mwaka 1857 ya Ernst Engel, mtakwimu wa Ujerumani, kwamba kaya ikizidi kipato, sehemu ya kipato inayoenda kwenye chakula inapungua. Mtu wa lishe akiisikia anawaza familia ya kipato cha chini inakula nini na inapungukiwa nini, mtu wa mlaji anawaza bei ya chakula ikipanda hiyo familia itakata kipi kwanza, ada, nauli au dawa. Meza ni moja, maswali mawili.

Kwenye udahili tofauti ni kubwa. Lishe karibu kila mahali itataka baiolojia na kemia zenye ufaulu mzuri, hamna kubembeleza. Sayansi ya mlaji ikiwa chini ya kitivo cha sayansi au kilimo nayo inaweza kuzitaka, ila ikiwa chini ya biashara, elimu au sayansi za jamii mara nyingi inapokea mchanganyiko mpana zaidi, huku hesabu na lugha ya kufundishia ndo vinaangaliwa sana.

Alafu kuna suala la leseni. Mtaalamu wa tiba lishe ni kazi yenye usajili kwenye nchi nyingi. Uingereza lile jina linalindwa kisheria, hujiiti hivyo mpaka usajiliwe. Marekani tangu Januari 2024 ukitaka kufanya mtihani wa usajili lazima uwe na digrii ya juu ya shahada ya kwanza. Kwa hiyo kama ndoto yako ni hospitali, nenda lishe moja kwa moja tena kwenye programu iliyoidhinishwa na bodi ya hiyo taaluma. Usiingie sayansi ya mlaji ukiwaza utaruka baadae. Kuruka kunawezekana lakini utarudi kusoma kemia na fiziolojia za mwanzo, na hiyo ni miaka na ada mara mbili, na nimeona vijana wazuri tu wakikatishwa tamaa na jambo ambalo swali moja kabla ya kujaza fomu lingelizuia.

Sayansi ya mlaji na sayansi ya chakula

Sayansi ya chakula ni maabara na kiwanda. Mikrobaiolojia, kemia ya chakula, uhandisi wa usindikaji, ufungashaji, na ile mifumo ya kuzuia hatari kabla haijatokea, HACCP, ambayo ilianzia kwenye chakula cha wanaanga wa NASA miaka ya 1960. Hesabu na fizikia zinahitajika kweli kweli, na kwenye udahili wengi wanataka kemia pamoja na hesabu au fizikia. Kama hupendi vipimo vya gramu na nyuzi joto, hapa utateseka.

Zinapokutana ni kwenye chumba cha kuonja, na hapo ndo unaziona tofauti vizuri. Tuseme kiwanda kimepunguza sukari kwenye juisi na kinataka kujua kama mtu atagundua. Wanafanya jaribio la pembetatu, kila muonjaji anawekewa vikombe vitatu vyenye namba za tarakimu tatu zisizo na mpangilio, viwili vina juisi ile ile na kimoja ni tofauti, anaambiwa tafuta cha tofauti. Mtu anayebahatisha tu atapata mara moja kati ya tatu, kwa hiyo kwenye waonjaji 30 ukipata 10 waliopatia hujapata kitu, mpaka wafike 15 ndo unaweza kusema kitakwimu kwamba tofauti inaonjeka. Mtu wa sayansi ya chakula akishapata jibu hilo kazi yake kwa kiasi kikubwa imeisha, anarudi kwenye fomula. Mtu wa sayansi ya mlaji ndo anaanza: sawa inaonjeka, je wanaipenda? Hapo anawachukua walaji wa kawaida, siyo waonjaji waliofundishwa, anawapa kipimo cha pointi 9 kutoka sipendi kabisa mpaka napenda sana, anauliza wangelipia kiasi gani, na lebo ikiandikwa sukari imepungua wanaipenda zaidi au wanaikimbia. Na majibu ya hayo maswali yanaweza kuizika bidhaa ambayo maabara imeipasisha bila kasoro.

Kwa maoni yangu kama umefaulu kemia na hesabu vizuri na moyo wako uko kwenye vitu, chukua sayansi ya chakula, soko lake la ajira linaeleweka kirahisi, kiwanda kinajua kinamtafuta nani. Kama moyo wako uko kwa watu ila hutaki kuacha sayansi, sayansi ya mlaji chini ya kitivo cha sayansi ni chaguo zuri sana na wengi hawalijui.

Sayansi ya mlaji na masoko

Hapa watu husema zinafanana na kweli vitabu vingine ni vile vile, tabia ya mlaji inasomwa kote kuwili. Tofauti ni umesimama upande gani wa kaunta. Masoko yanakufundisha kuuza, utasoma brandi, matangazo, bei, usambazaji, mauzo ya mtandaoni. Sayansi ya mlaji inakufundisha kumwelewa anayenunua pamoja na maslahi yake, na inakupa kitu ambacho mtu wa masoko mara nyingi hana, yaani kuijua bidhaa yenyewe. Mpe wote wawili shati. Wa masoko atakwambia linauzwa kwa nani na kwa ujumbe gani. Wa mlaji aliyepita kwenye vitambaa ataangalia nyuzi ni pamba au polyester au mchanganyiko, atajua litasinyaa au la, litachuja au la, mishono itahimili msuguano kiasi gani, na kama zile alama tano za lebo (beseni la kufua, pembetatu ya dawa ya kung'arisha, mraba wa kukausha, pasi, na duara la ufuaji wa kitaalamu) zimewekwa kwa ukweli au zimenakiliwa tu kutoka lebo nyingine. Makampuni makubwa ya rejareja yanawatafuta watu wa hivyo kwa kazi za kununua bidhaa na kukagua ubora, na mashirika ya kutetea walaji pia, mamlaka za viwango, washauri wa fedha za familia, utafiti wa soko. Marekani kuna hata cheti cha mshauri wa fedha kinachotolewa na chama cha AFCPE ambacho wahitimu wa fani hii wengi wanakichukua.

Udahili wa masoko unaangalia hesabu na lugha zaidi, masomo ya biashara ukiwa nayo ni faida, sayansi hawaulizi sana. Ukitaka ofisi ya matangazo nenda masoko, usijizungushe. Lakini kama unawaza kazi kwenye mamlaka ya ushindani, shirika la walaji, idara ya ubora, au kutengeneza bidhaa, basi sayansi ya mlaji itakufikisha ukiwa na silaha zaidi, ila ujue utalazimika kujieleza kwenye usaili, manake waajiri wengine jina hawalijui. Hiyo ni gharama halisi ya kozi hii na siifichi. Dawa yake ni kufanya fildi mapema na kuwa na kazi za kuonyesha, ripoti ya utafiti uliofanya, ulinganisho wa bidhaa ulioupima, siyo cheti peke yake.

Hoteli na ubunifu wa mitindo nazitaja kwa kifupi. Kozi ya ukarimu ukipenda huduma na usimamizi wa watu, ni kazi ya saa ndefu na mazoezi mengi, udahili wake mara nyingi mlaini kidogo kwenye sayansi. Mitindo wanataka zaidi mkoba wa kazi zako za kuchora na kushona kuliko maksi, na kama huna mkoba wa kazi anza kuutengeneza mwaka mzima kabla. Na ukiona sayansi ya mlaji iko chini ya kitivo cha elimu, elewa hiyo ni digrii ya ualimu, utafundisha sekondari au vyuo vya ufundi, kuna mazoezi ya kufundisha ndani yake, ni njia nzuri na yenye heshima ila isikushtukize mwaka wa tatu.

Njia za kuingia

Twende kwenye kuingia chuo sasa. Moja kwa moja kutoka sekondari ndo njia ya haraka na ya bei nafuu kwa muda, ila haina huruma kwenye masomo. Chuo kinaangalia vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: kiwango cha chini cha kuomba, na ushindani wa kupata nafasi. Kufikisha kiwango cha chini maana yake fomu yako itasomwa, haimaanishi umepata. Na kiwango chenyewe kina ngazi, kuna cha chuo kizima alafu kuna cha kozi. Unaweza ukawa na pointi nyingi kabisa kuliko zinazohitajika ukakosa kwa sababu somo moja la lazima huna au umelifaulu chini ya daraja wanalotaka. Mara nyingi linakuwa hesabu au kemia. Kwa hiyo wale ambao bado mko shuleni na mnasoma hapa, usiiache hesabu, hata kama unaiona ngumu, hilo ndo somo linalofungua kozi zote nne nilizozitaja juu.

Kupitia diploma ni ndefu zaidi ila kwa watu wengi ndo bora kuliko wanavyofikiri. Unasoma diploma ya lishe, chakula, nguo, ukarimu au maendeleo ya jamii, ukimaliza na wastani mzuri unaomba digrii, vyuo vingine vinakufutia baadhi ya masomo uliyokwisha soma. Neno la kulishika hapo ni baadhi. Uliza kwa maandishi kabla hujaanza diploma, kwamba chuo fulani kinaitambua na kinaihamishia masomo mangapi, manake kuna diploma zinatambulika na kuna ambazo zinakupeleka mwaka wa kwanza kama mwenzako aliyetoka sekondari jana. Faida yake kubwa ni kwamba ukifika digrii umeshashika vitu kwa mikono, umeshafanya kazi hata kidogo, na ukibadili mawazo katikati una cheti mkononi.

Mwaka wa msingi au programu iliyoongezwa mwaka mmoja ipo kwa wale waliokosa somo moja la lazima au waliosoma shule zisizo na maabara. Wengi wanaiona kama aibu, mi naiona tofauti. Unapata kemia na hesabu kwa mwendo unaoeleweka, ndani ya chuo kile kile, na ukifaulu unaingia kozi yako bila kuomba upya mara nyingi. Ukiwa na chaguo kati ya kurudia mtihani wa sekondari peke yako nyumbani na mwaka wa msingi ndani ya chuo, na pesa inaruhusu, chukua mwaka wa msingi. Kama pesa hairuhusu rudia lile somo moja tu, usirudie yote.

Watu wazima waliokaa kazini nao wana mlango, vyuo vingi vina utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali au mtihani wa watu wazima. Hapa sayansi ya mlaji inakaribisha kuliko lishe, kwa sababu mtu aliyekaa dukani, jikoni, kiwanda cha nguo au kwenye kikundi cha akiba na mikopo ana uzoefu unaohusika moja kwa moja. Andaa barua za mwajiri zinazoeleza ulifanya nini, siyo ulifanya kazi miaka mingapi tu.

Kuhusu maombi yenyewe. Vyuo vingi vinakuruhusu kupanga machaguo kwa mpangilio, usijaze chaguo la kwanza, la pili na la tatu kozi zenye ugumu ule ule, ukikosa moja umekosa zote. Weka unayoitaka juu, chini yake weka kozi ya jamaa yake kwenye kitivo kile kile, kwa sababu kuhama ndani ya kitivo kimoja baada ya mwaka wa kwanza ni rahisi kuliko kuhama kitivo. Ukiwa na vyeti vya nchi nyingine anza mapema sana kutafuta barua ya ulinganifu wa vyeti, hiyo inachelewesha watu kuliko kitu chochote. Na kama chuo kinataka mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEFL kumbuka majibu yake yanahesabika miaka miwili tu, usifanye mapema mno.

Chuo kikitaka barua ya maelezo binafsi, hapo ndo wengi wanapoteza nafasi wakiwa na maksi nzuri. Linganisha mianzo miwili. Wa kwanza: "Tangu utotoni napenda kupika na kupendeza, na ninaamini kozi hii itanisaidia kutimiza ndoto zangu." Wa pili: "Sare niliyonunua ilichuja mfuo wa kwanza ingawa lebo ilisema inahimili maji ya moto. Nikaanza kusoma lebo za kila nguo nyumbani, nikakuta nguo mbili za kitambaa kimoja zina maelekezo yanayopingana, nikataka kujua nani anapima kabla hizi lebo hazijashonwa." Huyu wa pili hajasema mahali popote kwamba ana shauku na lekchara anayesoma ameshaiona. Tafuta jambo lako la kweli, bei iliyokuchanganya, mkataba wa simu uliokubana, ndugu aliyekopa, na useme uliuliza nini baada ya hapo. Usinakili mfano wangu, watausoma kwa watu kumi.

Kabla ya kulipia fomu andikia ofisi ya udahili au idara uulize haya: kozi iko kitivo gani, masomo ya lazima ni yapi na kwa daraja gani, imeidhinishwa na mamlaka ya vyuo vikuu ya nchi hiyo au bado, fildi ni ya wiki ngapi na nani anamtafutia mwanafunzi nafasi, na wahitimu wa mwaka jana wako wapi. Hilo swali la mwisho vyuo vingine vinalikwepa. Kikilikwepa, tafuta mwenyewe wahitimu wawili watatu mtandaoni uwaulize kwa heshima, wengi tunajibu.

Na ikitokea umekubaliwa sehemu mbili na huwezi kuamua, fungua silabasi uende mwaka wa pili na wa tatu, manake mwaka wa kwanza kozi nyingi zinafanana. Angalia masomo mangapi ni ya bidhaa, mangapi ya watu, mangapi ya fedha na sheria, uone mzani umeegemea unakotaka kwenda. Kama takwimu na mbinu za utafiti hazipo kwenye miaka yote mitatu au minne, mi ningechukua ile nyingine hata kama chuo chake hakina jina kubwa.